KAMATI YA HARUSI HAINUNUI PICHA: Mambo 7 yanayoamua nani apewe oda ya keki



Leo tuongee kuhusu keki ya harusi. Kama unauza nguo, viatu au vipodozi mtandaoni usipite, hii inakuhusu pia. Keki ya harusi ni bidhaa ngumu sana kuuza kwa picha. Mteja anatoa hela wiki kadhaa kabla, hajaionja, hajaishika, na siku ikifika hakuna kurudisha wala kubadilishiwa. Harusi haina marudio. Ukielewa watu wanamchaguaje mtu wa keki, utaelewa kwa nini wateja wako wanauliza bei halafu wanapotea.

Mimi nina duka la vifaa vya keki hapa Kiboriloni, ukitoka Moshi mjini kuelekea Himo. Unga, aisingi, rangi, maboksi, vibao vya kuwekea keki, vyote vipo. Biashara sijaisomea popote, niliishia kidato cha nne, mengine nimefundishwa na kaunta. Kwenye hiyo kaunta wanakuja watu wa aina mbili: wanaooka keki, na wanaotafuta mtu wa kuwaokea. Hawa wa pili ndio wanasema ukweli ambao muuzaji hauoni kwenye inboksi yake.

KWANZA UJUE UNAMUUZIA NANI

Keki ya bethdei unamuuzia mtu mmoja. Keki ya harusi unaiuzia kamati. Kuna mwenyekiti, katibu, mhazini, na kila mmoja ana shangazi yake anayemjua "fundi mzuri sana wa keki". Hela yenyewe ni michango. Kuna mtu ameahidi laki akatoa elfu hamsini, kuna mama ameuza ndizi ili jina lake lisisomwe kwenye orodha ya wanaodaiwa. Kwa hiyo anayekuja kuongea na wewe sio mwenye hela. Anatumia hela za watu, na kwenye kikao kijacho atasimama kueleza kwa nini amekuchagua wewe. Ukimpa picha nzuri tu bila maelezo, hana cha kusema kikaoni.

Halafu huku kwetu sherehe haiwi moja. Kuna kichenpati, kuna sendofu upande wa binti, ndipo harusi yenyewe. Kwenye nyingi keki ipo. Msimu nao unabana. Mwezi wa 12 Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila kona, na sherehe zinajaa mpaka mwezi wa kwanza. Ikifika Kwaresima ndoa makanisani zinapungua sana, halafu zinarudi baada ya Pasaka. Maana yake Jumamosi nzuri ni chache na zinagombaniwa.

TULIVYOCHAGUA SISI

Mwaka jana kulikuwa na sendofu ya binti wa mama mdogo, mwezi wa kwanza, Jumamosi. Sherehe ilikuwa nyumbani kwao Old Moshi, kwenye maturubai, unapanda kutoka hapa Kiboriloni kama unaelekea Kidia. Kwa sababu nina duka la vifaa vya keki, kamati ikasema suala la keki ni langu na wenzangu wawili.

Mama mdogo anauza mitumba soko la Kiboriloni. Huyo binti amemlea na kumsomesha kwa meza ile ile ya nguo. Kwenye kikao cha kwanza aliulizwa ana ombi gani. Akasema ndoa yake yeye ilifungwa bila sherehe, hajawahi kuitwa mbele ya watu akapewa keki. Akataka keki ya wazazi iwepo, na akabidhiwe na mwanae. Basi. Hakuomba kingine. Ile kauli ilibadilisha kazi yangu. Nilijua keki ikichelewa au ikianguka, sio wageni watakaoumia, ni yeye.

Tukawa na majina matatu.

Wa kwanza alikuwa na ukurasa wenye wafuasi wengi na picha za kutisha kwa uzuri. Tukaomba picha ya keki yake ikiwa mezani ukumbini, sio studio. Akatuma tatu. Moja ilikuwa na alama ya mtu mwingine imefutwa vibaya pembeni, herufi mbili zimebaki. Tukauliza bei, akajibu "bei ni maelewano". Tukauliza siku hiyo ana oda ngapi, akasema "msiwe na wasiwasi".

Wa pili alikuwa na bei ndogo kuliko wote. Ila alitaka hela yote kabla, hana cha kuonjesha, na keki tungeifuata wenyewe.

Wa tatu alikuwa dada mmoja anayeokea nyumbani, wafuasi wachache, picha za simu. Huyu kabla hajataja bei alianza kuuliza yeye. Wageni wangapi? Ndani au kwenye turubai? Keki inakatwa saa ngapi? Keki za pembeni ngapi: wazazi wa pande zote mbili, wasimamizi, kanisa? Ndafu ipo? Hapo tukacheka, lakini swali lilikuwa na maana. Ndafu wengine wanaiita keki ya Kichaga, mbuzi mzima aliyechomwa akapambwa, na ikishaingia watu wote wanaigeukia. Alitaka kujua kipi kinatangulia, meza zitakaa wapi, na kama watu watakula keki nyingi au watagusa tu.

Sisi tulitaka ngazi nne za krimu, kama tulivyoona mtandaoni. Akatuambia wazi: "Jioni kule juu kuna ubaridi, lakini safari inaanzia huku chini mchana, kwenye joto. Krimu ya ngazi nne siipandishi ule mlima." Akashauri ngazi tatu za fondanti, mbili za chini keki kweli, ya juu dami, yaani povu gumu lililovalishwa aisingi. Keki ya wageni ikae kwenye trei, imeshakatwa. Kesho yake akaleta vipande viwili tuonje, cha vanila na cha matunda, na karatasi yenye kila kitu: kilo, rangi, saa ya kufika, kianzio, salio.

Hakuwa wa bei ndogo. Tulimpa yeye. Kwenye kikao nilisoma ile karatasi tu, hakuna aliyebisha.

Siku yenyewe alifika saa 9 mchana, keki inakatwa saa 1 usiku. Ngazi zilikuja kila moja kwenye boksi lake, akazipangia pale pale. Moja ilikuwa imekwaruzika njiani. Akatoa aisingi ya akiba kwenye mfuko, akafunika na ua, hakuna aliyejua isipokuwa mimi niliyekuwa namshikia tochi ya simu. MC alipomwita "mtaalamu wa keki" aje kukabidhi kisu, alikuwa amesimama tayari, amevaa vizuri. Mama mdogo aliitwa, akapewa keki yake, akaishika kwa mikono miwili akakataa kuiachia hata mpiga picha alipomwomba. Kabla muziki haujazimwa nilihesabu watu wanne wameshachukua namba ya yule dada.

Sasa nikupe upande wa pili. Kuna harusi nyingine nilihudhuria mjini, mtu wa keki alikuwa amechukua kazi tatu siku moja. MC alisogeza ratiba mara mbili, mwishowe zawadi zikatangulia na keki ikaingia watu wameshaanza kuaga. Keki yenyewe ilikuwa nzuri sana, lakini hakuna aliyeomba namba.

MAMBO 7 AMBAYO MTEJA ANAYAPIMA

Haya nimeyakusanya kwenye kaunta na kwenye vikao. Kama wewe ndiye mteja, yaulize. Kama wewe ni muuzaji, yajibu kabla hujaulizwa.

1. Siku hiyo una kazi ngapi?
Hili ndilo swali la kwanza, kabla ya bei. Oda mbili sio dhambi, kama kuna msaidizi na usafiri wa kila upande. Tatizo ni jibu la "msiwe na wasiwasi". Muuzaji, sema: "Nina nyingine moja mjini saa 6, yenu naileta saa 9." Mtu akisikia saa, anatulia.

2. Picha ni zako?
Picha ya kukopa inajulikana. Meza haifanani na kumbi zetu, maua hayapo sokoni kwetu, na ukitafuta kwa picha kwenye Google unaikuta ukurasa wa mtu mwingine. Keki yako ya kawaida iliyopigwa picha kwenye turubai la kweli, watu wa kweli nyuma, ina nguvu kuliko hiyo ya kukopa. Na piga video keki inapokatwa. Nje kila mtu anapamba, ndani ndipo panaonyesha kama imeiva na haijakauka. Ukitaka kumwonyesha mteja mtindo wa mtu mwingine, mwambie: "Huu sio wangu, ni mfano."

3. Kilo ngapi, watu wangapi?
Huku keki inauzwa kwa kilo, lakini kamati inafikiria watu. Wasaidie hesabu. Kipande cha kuonja cha gramu 50 maana yake kilo moja inatoa vipande 20. Wageni 200 ni kilo 10. Hapo hujagusa keki za wazazi, wasimamizi na kanisa. Ukiwaambia hivyo wanaelewa bei inatoka wapi, na hawakufananishi na mtu aliyetaja bei ndogo kwa keki ya kilo 4.
Kuhusu dami: haina ubaya, inapendezesha na inapunguza gharama na uzito. Ila iseme mapema, na ionyeshe ni ngazi ipi. Bibi harusi akikutana na povu kwenye kisu mbele ya kamera, hiyo video itazunguka Moshi nzima kwa jina lako.

4. Itastahimili hali ya hewa?
Siagi inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 30 na kidogo, na Moshi mjini mwezi wa kwanza mpaka wa tatu mchana joto linapita 30. Kwa hiyo krimu ya siagi kwenye turubai la mchana ni kutafuta aibu. Fondanti inavumilia zaidi, ila haipendi unyevu, na mvua za masika huku unazijua. Usiiweke kwenye friji halafu uitoe ghafla kwenye joto, inatoka jasho na rangi inachuruzika. Mteja hajui haya. Wewe ndiye mtaalamu, usikubali kila anachokitaka ili usipoteze oda. Yule dada alituambia hapana, na hapana yake ndiyo iliyotufanya tumwamini.

5. Itafikaje?
Keki nyingi haziharibiki kwenye oveni, zinaharibika barabarani. Kupanda Kibosho, Machame, Marangu au Old Moshi kuna kona na mwinuko. Keki isikae kwenye kiti wala kupakatwa, ikae mahali pa bapa, sakafuni au nyuma kwenye buti, chini pawekwe kitu kisichoteleza. Ngazi zisafiri mbalimbali, zipangwe ukumbini, na ndani kuwe na vijiti vya kubeba uzito, la sivyo ngazi ya juu inazama kwenye ya chini. Beba mfuko wa dharura: aisingi ya rangi ile ile, kisu, maua mawili matatu, tishu. Na nani analipa usafiri? Liandikwe. Hilo ndilo linaloleta maneno wakati keki iko mlangoni.

6. Hela inalipwaje?
Hapa pande zote mbili zinaogopa. Kamati inaogopa kutoa yote halafu simu isipatikane. Mwokaji anaogopa kununua mayai na siagi halafu harusi ivunjike. Kinachofanya kazi kwa wengi ninaowahudumia ni kianzio cha kutosha kununua vifaa, sehemu nyingine siku chache kabla, na salio keki ikifika. Toa risiti hata ya kuandika kwa mkono, kwa sababu mhazini anaihitaji kikaoni. Pokea kwa lipa namba yenye jina la biashara yako kama unayo, sio namba ya shemeji. Kisha andikeni: harusi ikiahirishwa kwa msiba inakuwaje? Tarehe mpya ikigongana na kazi nyingine? Sio uchuro. Misiba ipo, na aliyeandika hagombani na wafiwa.

7. Unaokea wapi?
Watu wameanza kuuliza, na wana haki. Tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yaliyokuwa TFDA yalihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ikiwemo kusajili maeneo ya kutengenezea chakula. Nenda ukaulize unatakiwa kufanya nini kwa ukubwa wa biashara yako, usisubiri kuulizwa na mteja. SIDO nao wako Moshi, kazi yao tangu 1973 ni kuwahudumia wenye viwanda vidogo, yaani watu kama wewe. Wakati unajipanga, posti jiko lako. Meza safi, nywele zimefunikwa, mayai yamepangwa. Na sema umeme ukikatika unafanyaje. Mwenye oveni ya gesi pembeni aseme, hilo ni tangazo tosha.

HATA WAKUBWA WANARUDI KWA ALIYEFIKISHA

Usidhani hii ni akili ya kamati za vijijini. Mwaka 1893 familia ya kifalme ya Uingereza ilipomwoza George, aliyekuja kuwa Mfalme George wa 5, keki ilitengenezwa na kampuni ya biskuti ya McVitie & Price. Mwaka 1947 mjukuu wake Elizabeth akaolewa. Vita vilikuwa vimeisha miaka miwili nyuma, vyakula Uingereza bado vinagawiwa kwa kipimo, sukari ni ya kutafuta, na viungo vingine ilibidi vitumwe kutoka mbali kama Australia. Keki yake rasmi ya ngazi nne, yenye urefu wa futi 9, ilitengenezwa na nani? McVitie & Price wale wale. Miaka 54 imepita, mlango waliogonga ni ule ule.

Wangeweza kupata yeyote. Lakini ukishawahi kutuliza moyo wa familia siku kubwa, jina lako linarithiwa. Kwetu ni hivyo hivyo. Mama akifurahia keki ya mtoto wa kwanza, wa pili na wa tatu hawatafuti mtu mtandaoni, wanatafuta namba yako kwenye simu ya mama.

WEWE USIYEUZA KEKI

Rudi kwenye yale mambo 7, toa neno keki, weka bidhaa yako. Unauza magauni ya kukodisha? Mteja anataka kujua Jumamosi hiyo gauni halijaahidiwa mtu mwingine. Unauza viatu vya mtumba kutoka Kiboriloni kwenda mikoani? Anataka picha ya kiatu chenyewe, soli na kisigino, na kitafika lini kwa basi gani. Unauza sabuni ya maji? Anataka kujua unaitengenezea wapi. Wote wana hofu moja: nikitoa hela, kitanifikia kile nilichokiona, kwa wakati? Anayejibu hofu hiyo mapema anauza, hata kama wafuasi wake ni mia mbili.

FANYA HIVI LEO

Chukua karatasi, andika yale maswali 7, jibu kila moja kwa sentensi mbili za biashara yako. Yale unayoshindwa kujibu ndiyo kazi yako ya wiki hii. Majibu yakikamilika, yaposti na uyapini juu ya ukurasa wako, na yahifadhi kwenye WhatsApp kama ujumbe wa kumtumia kila anayeuliza bei. Mtu wa kamati ataupokea, ataupeleka kwenye grupu la harusi kama ulivyo, na utakuwa umeingia kikaoni bila kualikwa.

Wewe unayesoma, mara ya mwisho kumlipa mtu wa mtandaoni kabla ya mzigo, ni jibu gani lilikufanya umwamini? Liandike hapa chini, wenzako wajifunze. Na wewe wa keki, weka jina la mji wako. Msimu wa Desemba uko njiani na kamati zimeshaanza kukaa.